Mchumba wangu amefungwa Ukonga: tunaweza kuoana?

SWALI: Wakili, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Gongo la Mboto, nauza chakula cha mchana kwa mafundi gereji. Mwenzangu alihukumiwa miaka saba kwa wizi akiwa mtumishi, na sasa ana miezi kumi na minne Ukonga. Hakukata rufaa. Tulikaa pamoja miaka mitatu, tuna mtoto mmoja wa kiume. Yeye Mwislamu, mimi Mlutheri. Barua ya posa ilishajibiwa, na nusu ya mahari wazazi wangu walipokea kabla hajakamatwa. Aliwahi kuoa Tanga, akamwandikia mkewe talaka tatu mwaka 2017, kila mtu akashika njia yake. Sasa anataka tufunge ndoa akiwa humohumo gerezani, anasema nikichelewa nitakuwa nimemwacha. Je, sheria inaruhusu? Naanzia wapi? Nikiwa mke halali atapunguziwa kifungo, na tutapewa faragha? Ndugu zake nao wameanza kukitolea macho kiwanja chetu cha Chanika. La mwisho, usinicheke: naruhusiwa kuvaa gauni jeupe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nikakwama kwenye mstari wa Tanga. Wewe umeuandika kama jambo lililokwisha, ukapita. Kwangu mimi huo ndio mstari mzito kuliko yote, kuzidi hata neno Ukonga. Nitaurudia. Kwanza nikutoe hofu ya geti.

Kufungwa hakumwondolei mtu uwezo wa kuoa wala kuolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imewataja wanaozuiwa: asiyefikia umri, wenye undugu uliokatazwa, aliyemo tayari katika ndoa inayomfunga, na asiyeridhia kwa hiari yake. Mfungwa hakutajwa. Alichopoteza mwenzako ni uhuru wa kuondoka kwenda kwa msajili siku aitakayo. Kwa hiyo kila hatua anayotakiwa kuifanya yeye mwenyewe, kutia sahihi, kula kiapo, kutamka kwamba anaridhia, itapita mikononi mwa Mkuu wa Gereza. Nani aingie, saa ngapi, chumba gani, hayo ni ya gereza. Ndoa yenyewe ni ya msajili au kiongozi wa dini mwenye leseni. Watu huchanganya mambo haya mawili: wanakwenda kumwomba afande wa getini kibali cha kuoa, anawarudisha, wanatoka wakiamini sheria imekataa.

Sasa Tanga. Unasema ziliandikwa talaka tatu na kila mtu akashika njia yake. Msikitini na mtaani hiyo ni talaka, wala simgombezi anayeiamini. Lakini ndoa iliyofungwa hapa Tanzania, hata ya Kiislamu, kwa Sheria ya Ndoa inavunjwa na amri ya mahakama. Wenye ndoa hupeleka mgogoro wao kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linaandika hati ya kusema limeshindwa. Baada ya hapo, mume akitoa talaka kwa taratibu za Kiislamu, mahakama huipokea kuwa ndoa imevunjika kabisa na kutoa amri yake. Karatasi iliyoandikwa sebuleni mbele ya wajomba wawili, bila baraza na bila mahakama, msajili haihesabu. Kwenye vitabu vya serikali mwenzako bado ana mke.

Uzito wa jambo hilo kwako unategemea unataka ndoa gani, na hapa nakuomba usome polepole. Sheria yetu ina ndoa za aina mbili: ya mke mmoja, na ile ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ya aina ya pili mpaka ithibitike vingine. Mwanamume aliyemo katika ndoa ya aina hiyo anaweza kuongeza mke kwa ndoa ya aina hiyohiyo, ila hawezi kufunga ndoa ya mke mmoja na mwanamke mwingine. Na kwenye taarifa ya nia ya kuoana mtatakiwa kusema mnakusudia ndoa ya aina gani. Wewe ni Mlutheri. Sidhani kama umewahi kujiwazia ukiwa mke wa pili. Ukijaza mke mmoja wakati ndoa ya Tanga bado iko hai, unajenga juu ya mchanga: siku yoyote mahakama inaweza kutamka kwamba hapakuwa na ndoa, na yeye atakuwa ametoa maelezo ya uongo kwa maandishi akiwa tayari anatumikia kifungo. Ukijaza wake wengi, ndoa inaweza kusimama, lakini ujue umetia sahihi nini: wewe ni mke wa pili, yule wa kwanza ana haki ya kuweka pingamizi, na siku ya mirathi mtakaa benchi moja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumtafuta yule mama wa Tanga. Usimfanye adui. Huenda alishakwenda mahakamani zamani, hasa kama ameolewa tena. Basi amri ya talaka ipo, na mnachohitaji ni nakala yenye muhuri wa mahakama iliyoitoa. Kama hakwenda, yeye ndiye mwenye njia nyepesi kuliko ninyi wote. Yuko nje, anaweza kufika barazani na Mahakama ya Mwanzo kwa miguu yake, na sheria imetaja kifungo cha maisha au cha miaka isiyopungua mitano kuwa mojawapo ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika, mahakama ikitazama na aina ya kosa. Mwenzako ana saba. Pengine naye anaihitaji hiyo amri kuliko wewe na hajui aanzie wapi. Mtumie mtu mzima mwenye heshima, shangazi wa huyo mwanamume kama yupo, aende akae naye waongee. Usimwandikie ujumbe wa simu usiku.

Akikataa, mwenzako anaweza kufungua shauri yeye mwenyewe akiwa gerezani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawagusa na walioko magerezani. Kwa upande wako, hapa Dar kuna Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, kuna Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Nenda na karatasi zote, pamoja na hiyo ya 2017 ukiweza kuipata, hata kama imechakaa.

Habari ya Tanga ikishajulikana, ndipo uanze karatasi za ndoa, na uzianzie ndani. Nalisisitiza hili kwa sababu karibu kila mwanamke anayenijia ameanzia nje: ameandika barua nzuri, ameipeleka getini, amesubiri mwezi. Mkuu wa Gereza anataka kwanza ajue kama mtu wake mwenyewe anaitaka ndoa hiyo, na barua yako peke yake haimwambii. Mwenzako aombe kuonana naye. Barua iwe na jina lake na namba yake ya mfungwa, itaje anataka kumuoa nani, ndoa ya aina gani, nani ataifungisha, na hasa anaomba nini: msajili aruhusiwe kuingia, au yeye asindikizwe kwenda ofisini kwa msajili. Barua yako ije baadaye, iitaje ya kwake kwa tarehe.

Kisha majina. Nilikuwa na binti mmoja ambaye faili lake lilirudishwa mara tatu kwa herufi moja. Polisi aliyeandika hati ya mashtaka aliliandika jina la baba wa mshtakiwa kama alivyolisikia, bila herufi ya mwisho. Hukumu ikalinakili, jalada la gereza likalinakili, na cheti cha kuzaliwa kikabaki na jina kamili. Kwa msajili hao walikuwa watu wawili. Ilibidi wakili aingie gerezani na kiapo cha majina ili kukata mzizi. Basi omba nakala ya hukumu leo, iweke mezani kando ya cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, upitishe kidole herufi kwa herufi. Mkikuta tofauti, kiapo kiandikwe mapema, pamoja na kile cha hali yake ya ndoa, ili Kamishna wa Viapo, yule anayeshuhudia mtu akiapa, aingie mara moja tu.

Mengine ni ya kawaida: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, barua za utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako na wa kwake alikokuwa akiishi, picha za pasipoti. Picha zake tafuta za zamani, maana simu na kamera haviingii.

Taarifa ya nia ya kuoana hupelekwa kwa msajili angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa, kisha hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Bahati yako, Gongo la Mboto na Ukonga zote ziko Wilaya ya Ilala, kwa hiyo ndoa ya bomani utaiulizia kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Ilala. Mwambie ofisa usajili tangu dakika ya kwanza kwamba bwana harusi ni mfungwa. Usimfiche ukitumaini mambo yatajipanga huko mbele. Yeye ndiye atakayekuambia kama anaweza kwenda gerezani, na ndiye mwenye fomu ambayo itabidi iingie ndani, itiwe sahihi au dole gumba, itoke. Kuna pia leseni maalumu, ambayo kwa sababu nzuri inaweza kuondoa sharti la kutangaza. Hiyo huombwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kwenu ninyi sioni haja. Mna muda, na siku 21 za tangazo zinakulinda wewe: zinampa mtu wa Tanga nafasi ya kusema kabla ya ndoa badala ya baada.

Jambo moja la kuangalia katika hizo siku: wafungwa huhamishwa. Leo yuko Ukonga, keshokutwa yuko gereza la kilimo mkoa mwingine, na wewe tangazo lako limebandikwa Ilala. Barua ya gereza itaje tarehe ya tangazo na tarehe mnayoomba ndoa, ili uongozi ujue kuna shughuli inayoendelea. Hiyo haimzuii mtu kuhamishwa, ila ofisa anayepanga safari atakuwa ameiona.

Ada lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu, na risiti utunze. Pale nje hukosi kishoka atakayekuambia anamjua mtu ndani na ndoa yako itakamilika wiki hii. Wanawake wenye waume gerezani wanatafunwa sana na watu hawa, kwa sababu wana haraka na wana aibu ya kuuliza.

Yeye akipenda nikaha, nayo inawezekana. Sheria imemruhusu mwanamume Mwislamu kuoa kwa taratibu za Kiislamu, na kuoa Mkristo si tatizo katika fikihi, yaani sheria ya dini, ila suala la walii wako, yule wa kukuozesha, mkalizungumze na shehe mapema, msilifikie siku ya shughuli. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Ndoa inakubali ndoa ambayo mmoja wa wenye ndoa hayupo, mradi ridhaa yake aliitoa mbele ya mashahidi na mmoja wa mashahidi hao yupo ndoa inapofungwa. Linaoana vizuri na desturi ya Kiislamu ya kumweka mwakilishi akupokelee nikaha. Mwenzako anaweza kutamka mbele ya mashahidi kwamba amemwakilisha kaka yake, au mzee yeyote anayemwamini, amuolee wewe kwa mahari mliyokubaliana. Kisha nikaha ikasomwa nyumbani kwenu Gongo la Mboto, shahidi aliyeyasikia maneno yake akiwa ameketi hapohapo. Mashehe huingia magerezani kwa ibada, na mmoja wao ni shahidi bora kuliko ndugu aliyesikia kwa tabu katika kelele za siku ya kutembelea wafungwa. Uwakilishi huo uandikwe na utiwe sahihi. Na huyo shehe awe na leseni ya kufungisha ndoa, aijaze kwenye kitabu cha serikali, upate cheti. Ndoa isiyosajiliwa haibatiliki kwa sababu hiyo peke yake, lakini mke wa mfungwa asiye na cheti atakuwa anajieleza maisha yake yote.

Nusu ya mahari iliyobaki isikusumbue kisheria. Deni la mahari halibatilishi ndoa. Na ukitamani kanisani, mchungaji wako ndiye wa kukujibu kuhusu bwana harusi Mwislamu, siwezi kumsemea.

Mimi, ukiniuliza, ningependa uende bomani na mwenzako akiwepo mwenyewe. Sababu ni kitu nilichokiona. Niliwahi kusimama shahidi wa ndoa ya mfungwa, si hapa Dar. Ilifungwa katika ofisi ndogo ya gereza: meza moja, viti vinne, dirisha lenye pazia lililofungwa fundo, na askari amesimama mlangoni akitazama nje kwa heshima. Msajili akamuuliza bwana harusi kama anaoa kwa hiari yake bila kushurutishwa na mtu. Yule kijana akafungua mdomo, sauti haikutoka. Msajili hakuandika. Akaweka kalamu chini, akasubiri, akauliza tena neno kwa neno, na safari hii akajibiwa kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. Kisha akamgeukia bibi harusi akamuuliza vilevile, kwa utulivu uleule. Walipomaliza, kijana akakandamiza dole gumba kwenye wino, maana mkono ulikuwa ukitetemeka mno kushika kalamu, akabaki ameunyoosha mbali na mwili wake asije akamchafua mwenzake. Katika shughuli nzima hakuna aliyekuwa na haraka. Nataka na wewe uulizwe hivyo, na muda wa kujibu uwe nao.

Hapo ndipo nikutazame usoni, mwanangu. Umeandika kwamba anasema ukichelewa utakuwa umemwacha. Namwelewa. Mtu aliye ndani usiku wake ni mrefu, na anachohofia kuliko chakula kibaya ni kusahaulika. Lakini ridhaa inayotolewa ili mtu asikununie siyo ridhaa sheria inayoitaka. Mwambie, kwa upole na kwa maneno haya kama utaona yanafaa: sijakuacha, nashughulikia Tanga ili ndoa yetu isije ikavunjwa na mtu. Akikupenda atalimeza hilo. Akikasirika, umejua jambo muhimu kabla ya kutia sahihi. Na ujue kwamba ukishaolewa, huwezi kufungua shauri la talaka kabla ya miaka miwili bila idhini ya mahakama. Kile kifungo cha miaka saba ambacho mwanamke wa Tanga anaweza kukitaja, wewe kitakusaidia kidogo sana, kwa kuwa utakuwa umeolewa ukikijua.

Kuhusu kupunguziwa kifungo, hapana. Cheti cha ndoa hakipunguzi hata siku moja. Kinachopunguza ni nidhamu yake: Sheria ya Magereza inampa mfungwa mwenye tabia njema msamaha wa theluthi ya kifungo. Miaka saba ni miezi 84, theluthi yake ni 28, kwa hiyo akitulia atatumikia 56. Ametumikia 14, imebaki 42, yaani miaka mitatu na nusu. Msamaha wa Rais, ambao Katiba imeuweka katika Ibara ya 45, huja na masharti yake kila unapotolewa, na parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, huamuliwa na bodi. Kote huko hakuna anayeuliza kama mtu ameoa. Ukikutana na anayekuambia vingine, anataka fedha yako.

Faragha nayo hakuna. Magereza yetu hayana utaratibu wa mume na mke kukaa peke yao. Utakuwa mke wa kumwona kwa dakika chache, askari akisikia, na barua zenu zitasomwa. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Turner v. Safley, ilikataa kanuni iliyowabana wafungwa wa Missouri kuoa, na majaji walieleza ndoa ya mfungwa inabaki na nini hata bila kulala pamoja: ahadi ya mbele ya watu, kutegemezana moyoni, imani ya dini, na haki zinazofuata cheti. Kesi hiyo haina nguvu katika mahakama zetu, lakini maelezo hayo sijapata mazuri zaidi. Wewe jipime kwayo. Kama ahadi na cheti vinakutosha kwa miaka mitatu na nusu, basi ndoa ya sasa ina maana. Cheti kina faida ya wazi: akiugua, akihamishwa, likimtokea lolote, hakuna ofisi itakayokuuliza wewe ni nani wake. Kama unachokililia ni nyumba yenye mume ndani, hicho kitakuja siku anatoka, uolewe leo au siku hiyo.

Mtoto wenu hahitaji ndoa hii. Baba akikubali, jina lake linaingia kwenye cheti cha kuzaliwa bila ninyi kuoana.

Kiwanja cha Chanika kinahitaji mkono wa haraka, na hakingojei harusi. Tena usije ukaolewa kwa ajili ya kiwanja, kwa sababu ndoa haihamishi umiliki: cha mume kinabaki cha mume mpaka ithibitike mwenzake alichangia. Kinachokulinda ni ushahidi wa mchango wako. Risiti za saruji na matofali, ujumbe wa kumtumia fundi fedha, hata daftari lako la mapato ya chakula, viweke pamoja. Wakati Kamishna wa Viapo anaingia kwa mambo ya majina, mwenzako aape pia kwamba kiwanja mlinunua wote wawili na hajamruhusu mtu kukiuza. Nakala ipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa wa Chanika, maana mauziano mengi ya huko hupita ofisini kwake, umwombe aigonge muhuri wa kupokea. Kama kiwanja kimeshapata hati, wakili akusaidie kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Na miaka mitatu mliyokaa pamoja haikupotea: sheria inasema watu waliokaa miaka miwili au zaidi, wakajulikana kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka mtu athibitishe vingine. Ile ndoa ya Tanga inaweza kutumiwa kuipinga dhana hiyo, ila hata ikishindikana mahakama ina uwezo wa kukupa matunzo na nafuu nyingine kwako na kwa mwanao. Majirani wa Gongo la Mboto waliowajua kama mke na mume ni mashahidi wako. Andika majina yao.

Umebaki na gauni. Vaa. Hakuna sheria inayochagua rangi, na sijakucheka. Ila utakaguliwa, kwa hiyo lisiwe na waya wala vitu vya kuchoma, simu na mkoba viache kwa ndugu, na kuhusu pete uliza kabla hujanunua, kwa kuwa ya kwake huenda ikawekwa stoo pamoja na vitu alivyoingia navyo. Yule bibi harusi niliyekutajia alikuja na shela lililobanwa kwa pini nyingi. Getini askari wa kike akamwambia pini haziingii, na binti akaanza kulivua huku midomo ikimcheza. Yule askari akamkalisha kwenye benchi, akazitoa mwenyewe moja moja, akazihesabu kwenye kiganja, zilikuwa kumi na moja. Kisha akavuta lastiki kwenye nywele zake mwenyewe, akalifunga lile shela vizuri, akarudi nyuma hatua moja kulitazama kama limekaa sawa.